Stata, SPSS, R au Excel: ipi ikufae kuchora data za makundi zenye lebo

Wanafunzi wa uzamili na maafisa wa ufuatiliaji na tathmini huuliza sana: "Nitumie programu gani kuchora chati?" Likiulizwa hivyo, swali hilo halina jibu. Programu zote nne ninazozilinganisha hapa huchora pau, huandika majina ya makundi na huweka asilimia juu ya kila pau. Tofauti yao iko mahali pengine, nayo ni kubwa: lebo inakaa wapi? Je, imefungwa kwenye data pamoja na msimbo wake, au umeiandika kwa mkono juu ya picha iliyokwisha kuchorwa? Lebo iliyofungwa kwenye data hufuata data popote ziendako. Iliyoandikwa juu ya picha hubaki pale pale hata data zikibadilika chini yake, na msomaji wa ripoti hana namna ya kugundua.

Nachukua mfano mmoja halisi. Faili za utafiti wa demografia na afya, maarufu kwa kifupi chake DHS, zimetumiwa sana na watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda. Katika faili la wanawake, kigeu (yaani safu ya data) `v106` ni kiwango cha elimu: 0 hakusoma, 1 msingi, 2 sekondari, 3 zaidi ya sekondari. `v025` ni makazi: 1 mjini, 2 vijijini. `v005` ni uzani wa sampuli, yaani uzito wa kila mhojiwa katika hesabu, nao lazima ugawanywe kwa 1,000,000 kabla ya kutumika. Tuseme unataka chati moja tu: asilimia ya wanawake kwa kila kiwango cha elimu, mjini na vijijini, kwa uzani sahihi, lebo zikiwa za Kiswahili. Kazi inaonekana ndogo, lakini ndani yake mna karibu kila mtego wa data za makundi.

Stata

Stata hutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kuna lebo ya kigeu, yaani maelezo ya safu nzima, na kuna lebo za thamani, yaani jina la kila msimbo. Lebo za thamani hutengenezwa kama seti yenye jina lake, kisha seti hiyo hubandikwa kwenye kigeu kimoja au hata ishirini:

```
label define elimu_sw 0 "Hakusoma" 1 "Msingi" 2 "Sekondari" 3 "Zaidi ya sekondari"
label values v106 elimu_sw
generate uzani = v005/1000000
graph hbar (percent) [aw=uzani], over(v106) blabel(bar, format(%4.1f)) ytitle("Asilimia ya wanawake")
```

Mistari minne, na chati imekamilika: majina, mpangilio unaofuata misimbo, na namba yenye desimali moja mwishoni mwa kila pau. Kama dodoso lako lina maswali thelathini ya ndiyo na hapana, seti moja ya lebo inatosha kwa yote. Hapa Stata haina mshindani.

Angalia `ytitle` katika mstari wa mwisho. Pau zimelala, kwa hiyo mtu angetarajia mhimili wa asilimia uitwe x. Katika `graph hbar` mhimili wa namba huendelea kuitwa y hata ukilala. Anayeanza anaweza kupoteza saa nzima akibadilisha `xtitle` bila kuona mabadiliko yoyote.

Kuna jambo jingine la Stata ambalo nashangaa halifundishwi, hasa kwetu tunaoandika ripoti kwa lugha mbili. Faili moja linaweza kubeba lebo za lugha zaidi ya moja. Ukiandika `label language sw, new copy`, kisha ukabandika lebo zako za Kiswahili, lebo za awali hazifutiki. Chati ya ripoti ya halmashauri unaichora kwa Kiswahili, halafu unaandika `label language default`, unaendesha amri zile zile za kuchora, na chati ya mfadhili inatoka kwa Kiingereza. Vichwa vya mihimili utavibadilisha mwenyewe, ila majina ya makundi yanajibadilisha yenyewe. Kwa ofisi inayotoa kila kitu mara mbili, hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kuichagua.

Mtego wake uko kwenye asilimia. Ukiongeza kigeu cha pili, `over(v106) over(v025)`, pau zote za chati kwa pamoja ndizo zinazotimiza 100. Kila upande hautimizi 100 yake. Ulikuwa unataka kujua ni wangapi kati ya wanawake wa vijijini hawakusoma. Unachopata ni ni wangapi kati ya wanawake wote ni wa vijijini na pia hawakusoma. Namba hizo mbili ni tofauti kabisa, na chati haikuambii ipi umechora. Njia safi ni `catplot`, amri ya Nicholas J. Cox ambayo hupakuliwa bure kwa `ssc install catplot`:

```
catplot v106 v025 [aw=uzani], percent(v025) blabel(bar, format(%4.1f))
```

Ile `percent(v025)` inatamka wazi asilimia ni ya nani. Ninaipendelea kuliko amri ya asili kwa sababu hiyo hasa.

R na ggplot2

R ilizaliwa New Zealand mikononi mwa Ross Ihaka na Robert Gentleman, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka mwaka 2000. Ni ya bure, na hilo si jambo dogo kwa mwanafunzi wa Mzumbe au Maseno anayejilipia kila kitu. Kifurushi cha `ggplot2` cha Hadley Wickham ndicho wengi wanachokitumia kuchora.

R haina lebo za thamani kama za Stata. Ina kitu kinachoitwa factor: kigeu kinachobeba orodha ya makundi kwa mpangilio maalumu. Nguvu yote ya chati za makundi katika R imo humo, na maumivu yote pia.

Usipoipa mpangilio, R hupanga maneno kwa alfabeti. Tuseme faili lako tayari lina maneno "Hakusoma", "Msingi", "Sekondari" na "Chuo". Chati itaanza na Chuo, ifuate Hakusoma, Msingi, kisha Sekondari. Ngazi ya elimu inasambaratika: wa juu kabisa anakaa jirani na asiyesoma. Siku za juma ni vurugu zaidi: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumanne, Jumapili, Jumatano, Jumatatu. Kwa hiyo katika R mpangilio huandikwa, hauachwi:

```
library(haven); library(dplyr); library(ggplot2)
d <- read_dta("wanawake.dta")
d$elimu <- factor(d$v106, levels = 0:3,
  labels = c("Hakusoma", "Msingi", "Sekondari", "Zaidi ya sekondari"))
d$makazi <- factor(d$v025, levels = 1:2, labels = c("Mjini", "Vijijini"))
j <- d |> count(makazi, elimu, wt = v005/1e6) |>
  group_by(makazi) |> mutate(asilimia = 100 * n / sum(n))
ggplot(j, aes(asilimia, elimu)) + geom_col() +
  geom_text(aes(label = sprintf("%.1f", asilimia)), hjust = -0.2) +
  facet_wrap(~makazi) +
  scale_x_continuous(expand = expansion(mult = c(0, 0.15))) +
  labs(x = "Asilimia ya wanawake", y = NULL)
```

Ni ndefu kuliko ya Stata, sikatai. Lakini tazama jinsi `group_by(makazi)` inavyokulazimisha uamue mwenyewe asilimia inagawanywa kwa jumla gani. Kwa mtu anayefikiria takwimu zake, urefu huo ni kinga. Mstari wa `expand` unaacha nafasi pembeni ili namba ya pau ndefu isikatwe na ukingo wa chati, kasoro ninayoiona kwenye mabango mengi ya mikutano.

Wale waliozoea Stata wakumbuke kwamba `read_dta` huleta misimbo pamoja na lebo zake, ila R haizichukui hivi hivi kama makundi. Ukichora moja kwa moja utaona 0, 1, 2, 3 kwenye mhimili. Kama lebo zilizomo kwenye faili zinakutosha, `as_factor()` ya kifurushi cha `haven` hugeuza yote kwa mkupuo na kuhifadhi mpangilio wa misimbo. Nilitumia `factor()` hapa kwa kuwa nilitaka majina ya Kiswahili.

Msimbo usio na lebo

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo programu hizi zinapoachana kwa kweli, na miongozo mingi hupita kimya.

Chukua swali la chanzo cha maji ya kunywa katika faili la kaya, `hv201`. Misimbo yake si 1 hadi 10. Ni 11 bomba ndani ya nyumba, 12 bomba uani, 21 kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine, 31 kisima kilichojengewa, 32 kisima cha wazi, 43 mto au ziwa au bwawa, 51 maji ya mvua, 61 boza, na kadhalika hadi 96, vinginevyo. Ni rahisi sana kusahau mmoja wakati wa kutafsiri lebo. Tuseme umesahau 61.

Katika Stata, pau ya boza itachorwa ikiwa na namba "61" mahali pa jina. SPSS nayo itaonyesha 61. Utaiona, utashtuka, utarekebisha.

Katika R, `factor()` hugeuza kila msimbo usiotajwa kuwa data iliyokosekana, bila onyo lolote. Kaya zote zinazonunua maji ya boza zinakuwa NA. Ukiwa na bahati, ggplot2 itachora pau ya NA nawe utauliza imetoka wapi. Ukiwa umeshaandika `filter(!is.na(...))` mapema, kama wengi tulivyozoea, kaya hizo zinapotea, asilimia za makundi mengine zinapanda, na kila kitu bado kinatimiza 100. Kwa hiyo usichore chochote katika R kabla ya kuendesha `table(d$hv201, useNA = "ifany")` na kulinganisha na jedwali la kigeu kipya.

Excel, ukitumia fomyula ya VLOOKUP inayotafuta msimbo wenyewe hasa kwenye orodha ya lebo, itakuandikia #N/A. Si nzuri kuitazama, ila imekuambia ukweli.

Hili halinifanyi niiache R. Linanifanya nisimpe mtu mgeni R bila kumwonyesha kwanza mahali hapo.

SPSS

SPSS ni ya mwaka 1968, na tangu 2009 iko chini ya IBM. Vyuo vyetu vingi vimefundisha takwimu kwa kutumia programu hii, na wasimamizi wengi wa tasnifu huifahamu kuliko nyingine yoyote. Lebo zake ni nzuri: unafungua Variable View, unabofya seli ya Values, unaandika msimbo na jina lake. Au kwa amri:

```
VALUE LABELS v106 0 "Hakusoma" 1 "Msingi" 2 "Sekondari" 3 "Zaidi ya sekondari".
COMPUTE uzani = v005/1000000.
WEIGHT BY uzani.
```

Kwenye Chart Builder unaburuta kigeu hadi kwenye mhimili na pau zinatokea. Hakikisha kwanza safu ya Measure inasema Nominal au Ordinal. Ikisema Scale, SPSS itakichukulia kigeu kama kipimo, si makundi. Kwa asilimia za ndani ya kundi, kitufe cha Set Parameters kinakupa uchague jumla ya kugawia. Nimekipenda kitufe hicho. Kinaleta swali la msingi mbele ya macho ya anayechora.

Tatizo linakuja baadaye. Namba juu ya pau, rangi, ukubwa wa herufi na mengine mengi hufanywa na watu ndani ya Chart Editor, kwa kubofya chati mara mbili. Mabadiliko hayo hayaingii kwenye syntax (maandishi ya amri) uliyoihifadhi. Msimamizi akikuambia uwaondoe wahojiwa walio chini ya miaka 18, unachora upya, na kazi yote ya mkono imepotea. Unaweza kuhifadhi mwonekano kama kiolezo na kukitumia tena, nacho husaidia kwa kiasi. Kwa chati mbili tatu za sura ya nne ya tasnifu, inavumilika. Kwa ripoti ya viashiria sitini inayorudiwa kila robo mwaka, nasema usijaribu.

Pia `WEIGHT BY` hubaki ikifanya kazi hadi uizime. Chini ya dirisha SPSS huandika Weight On. Lizoeshe jicho kutazama hapo.

Excel

Excel haijui kwamba 1 ni "Msingi". Kwake ni namba 1. Lebo zako ni maneno ndani ya seli, na uhusiano wake na msimbo ni ule tu ulioutengeneza wewe. Ndiyo maana sipendekezi kuanzia data ghafi za utafiti huko, hasa zenye uzani.

Lakini jedwali likiwa tayari, limehesabiwa kwingine, lina mistari mitano, na mkuu wa idara anataka chati ndani ya PowerPoint ambayo yeye mwenyewe ataweza kubadilisha rangi, Excel inawahi kuliko zote. Tangu toleo la 2013 unaweza kuchukua lebo za pau kutoka kwenye seli unazotaka, kwa hiyo pau inaweza kubeba "34.2% (n=812)" iliyotengenezwa kwa fomyula. Ukichora pau zilizolala, kundi la kwanza la jedwali litakaa chini kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya mhimili uweke alama kwenye "Categories in reverse order". Na ggplot2 hufanya vivyo hivyo, dawa yake ni `fct_rev()` ya kifurushi cha `forcats`. `graph hbar` ya Stata huanzia juu, kama msomaji anavyotarajia.

Kwa wanaotumia Python, neno moja: `read_stata` ya pandas hugeuza lebo za thamani kuwa makundi bila kuombwa, na tangu matplotlib 3.4 ya mwaka 2021 kuna `bar_label`, inayoweka namba juu ya pau kwa mstari mmoja. Kama tayari unafanya kazi zako huko, hakuna sababu ya kuhama.

Lebo ndefu na herufi zetu

Mikoa 31 ya Tanzania au kaunti 47 za Kenya hazitoshi kwenye mhimili mlalo. Wengi huinamisha maandishi, na msomaji analazimika kuinamisha shingo. Laza pau badala yake, kisha upange kwa ukubwa: Stata `over(v024, sort(1) descending)`, R `fct_infreq()` kwa idadi au `reorder()` kwa asilimia. Makundi yenye ngazi, kama elimu au hali ya uchumi ya kaya, yasipangwe kwa ukubwa kamwe. Ngazi yenyewe ndiyo habari. Majina marefu kama "Kisima cha wazi kisichojengewa" R huyakata mistari miwili kwa `str_wrap()` ya kifurushi cha `stringr`. Katika Stata utaandika mwenyewe ndani ya `relabel()`, kazi ya kuchosha.

Kiswahili hakina alama nyingi juu ya herufi, ila kina ng'. Lebo 'Ng'ombe' ikiwekwa ndani ya alama moja moja za kunukuu, R na SPSS zote mbili hudhani neno limeishia kwenye Ng, na amri inakwama. Tumia alama mbili daima: "Ng'ombe". Stata hutumia alama mbili tangu awali, kwa hiyo hapo huna shida.

Ningechagua ipi

Anayefanya kazi na data kubwa za kaya, mwenye leseni ya ofisi, ripoti zikiwa za lugha mbili: Stata, bila kusita. Asiye na leseni, au mwenye chati nyingi zinazojirudia kila msimu wa data: R, kwa sharti la kulinganisha majedwali niliyoyataja. Mwenye tasnifu moja, dodoso la watu 200, na msimamizi anayeijua SPSS: abaki na SPSS, ahifadhi syntax ya lebo na kiolezo cha chati. Leseni ya kuvunja usitumie. Programu ya PSPP ni ya bure na husoma faili za SPSS pamoja na lebo zake, ingawa chati zake ni chache, kwa hiyo hesabu huko na uchore R.

Yoyote utakayoichagua, andika lebo kabla ya kwenda kukusanya data. Ukitengeneza fomu ya KoboToolbox (chombo cha kukusanya data) kwa XLSForm, yaani dodoso linaloandikwa kwenye Excel, ukurasa wa `choices` una safu ya `name` ya misimbo, nawe unaweza kuongeza safu mbili, `label::Kiswahili (sw)` na `label::English (en)`. Weka namba kwenye `name`, na maneno kwenye safu za lebo. Wakati wa kupakua, chagua data zenye misimbo, kisha pakua na faili la lebo za SPSS. Kobo hulitoa kwa kila lugha uliyoweka. Maneno aliyoyasikia mhojiwa kijijini ndiyo yatakayoandikwa kwenye chati, na hutalazimika kuyatafsiri upya kwa kukisia usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.